Fungu la Jirani

Sisi tukaao Makadara twajua mwisho wa mwezi ulivyo. Kodi ya nyumba haijalipwa, na tayari jirani wa Maringo amefiwa, kijana wa Jericho anaoa, na kanisa linajenga. Zamani kadi ya harambee ililetwa mlangoni; tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, ombi huingia hadi mfukoni.

Twatoa kwa kuona haya, kisha baba na mama wagombana juu ya karo. Je, hiyo ni sadaka?

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho (1 Wakorintho 16:2) watenge kitu kila Jumapili, kila mtu kwa kadiri ya mapato yake, asije yeye akakuta ndipo wanaanza kuchanga.

Basi mshahara ukipatikana, tuketi pamoja nyumbani, tutenge fungu la Mungu na fungu la jirani, hata likiwa shilingi 200. Likiisha, tuseme kweli bila kuona haya: “Ndugu, mwezi huu sina fedha, lakini usiku nitakuja kukesha nanyi matangani.” Huo nao ni mchango.

Mungu atubariki sote.