Jeraha dogo la kwato lisipuuzwe

Mjini Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia, punda hubeba maji na bidhaa. Akichechemea, mapato ya mwenyewe nayo husimama.

Jeraha dogo la kwato au mguu lioshwe mapema kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kidogo cha chumvi kwa nusu lita. Likaushwe, lifungwe kitambaa safi bila kukaza, kibadilishwe kila siku. Majivu na oili chafu huzidisha kidonda. Mnyama apumzishwe.

Msumari ukiingia kwatoni, au jeraha likiwa karibu na kiungo, aitwe daktari wa mifugo haraka. Tundu kama hilo ndilo mlango wa pepopunda, maradhi yanayoua punda na farasi, ilhali chanjo ipo.