Tabaka Lipi Limekatika? Mfumo wa Matabaka katika Mawasiliano ya Kompyuta na Mzigo wa Neno "Mtandao"

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mfumo wa matabaka unaoongoza mawasiliano ya kompyuta, kisha yanachunguza istilahi za Kiswahili zinazotumika kuufundisha. Hoja kuu ni kwamba neno "mtandao" limebebeshwa maana nyingi mno, kiasi kwamba hitilafu za aina tofauti huelezwa kwa kauli moja. Makala yanapendekeza istilahi "tabaka" badala ya "ngazi" na "safu", na "tabaka la uelekezaji" badala ya "tabaka la mtandao".

1.0 Utangulizi

Katika miji yetu yote, kuanzia Bujumbura hadi Kampala, kuna kauli moja ambayo kila mzungumzaji wa Kiswahili ameisikia: "Hakuna mtandao." Wakala wa fedha za simu huitamka, karani wa benki huitamka, na mwanafunzi aliyechelewa kuwasilisha kazi huitamka pia. Kauli hiyo hufunga mazungumzo. Anayeambiwa hana la kuuliza, na anayesema hana la kueleza zaidi.

Tuchukue matukio mawili. Tarehe 4 Oktoba 2021, huduma za Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka duniani kote kwa takribani saa sita. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu, na watumiaji wa intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki wakakosa huduma au wakaipata kwa kusuasua. Katika matukio yote mawili mtumiaji wa kawaida angeweza kusema "hakuna mtandao". Hata hivyo, chanzo cha tukio la kwanza hakifanani hata kidogo na chanzo cha tukio la pili. Ili kuona tofauti hiyo, ni lazima kwanza tuelewe matabaka.

2.0 Chimbuko la Mfumo wa Matabaka

Mwaka 1974, Vinton Cerf na Robert Kahn walichapisha pendekezo la namna ya kuunganisha mitandao isiyofanana ili ipelekeane data. Kutokana na kazi hiyo zilizaliwa itifaki za TCP na IP, ambazo mtandao wa ARPANET wa Marekani ulianza kuzitumia rasmi tarehe 1 Januari 1983. Mwaka uliofuata, Shirika la Kimataifa la Viwango lilichapisha mfumo wa marejeleo wa OSI wenye matabaka saba: la kifizikia, la kiungo cha data, la mtandao, la usafirishaji, la kikao, la uwasilishaji na la programu-tumizi. Kwa upande wake, waraka wa viwango vya intaneti wa Oktoba 1989 ulitambua matabaka manne tu: la kiungo, la intaneti, la usafirishaji na la programu-tumizi.

Mwanafunzi huuliza: ni saba au manne? Jibu ni kwamba matabaka hayamo ndani ya waya yakisubiri kuhesabiwa. Ni mgawanyo wa kazi uliokubaliwa na wahandisi. Mfumo wa saba umebaki kuwa lugha ya kufundishia na kujadiliana; mfumo wa manne unakaribia zaidi namna intaneti inavyofanya kazi. Jambo la msingi katika yote miwili ni moja: kila tabaka hutoa huduma kwa tabaka lililo juu yake, hutegemea huduma ya tabaka lililo chini yake, na halihitaji kujua jinsi huduma hiyo inavyotekelezwa.

3.0 Safari ya Ujumbe

Mfano wa kifurushi kinachotumwa kwa basi unafaa kuanzia. Mtumaji aliyeko Bujumbura huandika barua, huitia kwenye bahasha, na kuikabidhi kwa karani. Karani huitia kwenye gunia la mzigo wa Kigali. Dereva hajui barua inasema nini, wala mwandishi wa barua hajui basi litapita barabara ipi. Kila mmoja ana sehemu yake, na mzigo hufika.

Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Mwanafunzi anapofungua ukurasa wa maktaba iliyoko Kampala, kivinjari hutunga ombi katika tabaka la programu-tumizi. Tabaka la usafirishaji hulipokea, hulikata vipande likiwa refu, na kukipa kila kipande namba ya mfuatano pamoja na namba ya mlango. Kwa kurasa zenye usimbaji fiche, mlango wa seva kwa kawaida ni namba 443. Tabaka linalofuata huongeza anwani ya kompyuta itumayo na ya kompyuta ipokeayo, kila moja ikiwa na biti 32 katika toleo la nne la IP au biti 128 katika toleo la sita. Hapo kipande kimekuwa pakiti. Tabaka la kiungo huifunga pakiti ndani ya fremu yenye anwani za vifaa, za biti 48 kila moja katika Etheneti. Hatimaye fremu hugeuzwa kuwa umeme, mwanga au mawimbi ya redio.

Ufungashaji huu una gharama. Fremu ya kawaida ya Etheneti hubeba pakiti isiyozidi baiti 1,500. Kichwa cha IP cha toleo la nne huchukua angalau baiti 20, na kichwa cha TCP angalau baiti 20 nyingine; hivyo ujumbe wenyewe hubakiwa na baiti zisizozidi 1,460.

Hapa ndipo mfano wa basi unapoonyesha jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosa. Mzigo ukifika Kigali hutolewa katika gunia la kwanza na kutiwa katika gunia jingine la kwenda Kampala, lakini bahasha haifunguliwi. Vivyo hivyo, kila ruta huivua pakiti fremu yake ya zamani na kuivisha fremu mpya, ilhali anwani ya mwisho iliyoandikwa kwenye pakiti kwa kawaida hubaki ileile. Fremu ni ya kituo hadi kituo. Pakiti ni ya mwanzo hadi mwisho wa safari.

4.0 Ngazi, Safu au Tabaka?

Maneno matatu hushindania dhana hii katika madarasa yetu. "Ngazi" huleta picha ya kupanda na ya mamlaka: ngazi ya wilaya iko chini ya ngazi ya mkoa na hupokea maagizo kutoka kwayo. Mwanafunzi mmoja aliwahi kunieleza kwamba programu, kwa kuwa iko ngazi ya juu, inaweza kuirekebisha kebo iliyokatika. Kosa hilo halikutokana na uvivu. Neno lenyewe lilimwelekeza huko. "Safu" nayo huonyesha vitu vilivyopangwa kwa mstari, kama safu ya milima, bila kudokeza kwamba kimoja kimelalia juu ya kingine.

"Tabaka" hubeba dhana inayotakiwa: kitu kilichotandazwa juu ya kingine na kuegemea juu yake, kama matabaka ya udongo. Ni kweli kwamba neno hili pia hutumika kwa matabaka ya kijamii, lakini muktadha hutosha kuondoa utata huo.

Uhusiano wa wima pekee hautoshi. Upo pia uhusiano wa mlalo: tabaka la usafirishaji la upande mmoja huelewana na tabaka la usafirishaji la upande wa pili kwa kanuni walizokubaliana. Kanuni hizo ndizo "itifaki", na Kiswahili kina bahati hapa, kwani neno hilo, lenye asili ya Kiarabu, tayari lina maana ya mapatano. Mwalimu akilieleza hivyo, nusu ya somo imekwisha.

5.0 Mzigo wa Neno "Mtandao"

Tatizo kubwa zaidi limo katika neno tunalolitumia bila kufikiri. "Mtandao" ni mawimbi ya simu, ni intaneti nzima, ni kampuni ya simu, na katika umbo la "mitandao ya kijamii" ni programu-tumizi. Zaidi ya hayo, tumelifanya kuwa jina la tabaka mojawapo kati ya saba. Sehemu na kitu kizima vimepewa jina moja.

Turejee kwenye matukio yetu. Mwaka 2024 hitilafu ilikuwa katika tabaka la kifizikia: mikongo iliharibika, na dawa ilikuwa meli ya matengenezo. Mwaka 2021 mkongo haukukatwa. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilitenganisha vituo vya data vya kampuni husika, na seva zake za majina zikaacha kutangaza njia za kuzifikia. Intaneti iliyobaki ilikuwapo, lakini haikujua pa kupita. Hitilafu ilikuwa ya uelekezaji.

Kwa sababu hiyo, makala haya yanapendekeza tabaka la tatu la OSI liitwe "tabaka la uelekezaji", jina linalotaja kazi yake, na neno "mtandao" liachiwe maana yake pana. Fundi na mtumiaji wataweza kuulizana kwa mpangilio, kutoka chini kwenda juu: Je, kuna ishara? Je, kifaa kina anwani? Je, njia ipo? Je, jina la tovuti linapata anwani yake? Je, programu yenyewe inajibu?

6.0 Hitimisho

Uganda, Rwanda na Burundi zinaendelea kukipa Kiswahili nafasi shuleni. Sharti walimu wa nchi hizi wakubaliane mapema kuhusu istilahi za fani hii, kabla kila darasa halijazoea zake. Istilahi nzuri haimwongezei mwanafunzi jina jingine la kukariri. Humpa swali la kuuliza. Siku mteja atakapoambiwa "hakuna mtandao" naye akauliza "tabaka lipi?", na aliye upande wa pili wa dirisha akaweza kumjibu kwa Kiswahili, kazi yetu itakuwa imezaa matunda.