NENO LA OFISA SI KIBALI

Hakuna jambo linalomvunja moyo mwananchi kama kufikishwa mahakamani kwa kitendo ambacho ofisa wa Serikali alimhakikishia kuwa si kosa. Amepewa kibali cha ujenzi chenye masharti, akauliza kama aweza kuongeza chumba, akajibiwa kwa mdomo, "Endelea tu." Baadaye hati ya mashtaka yataja sharti lililovunjwa, lakini aliyesema "endelea" hatajwi.

Sheria haimwokoi. Kanuni ya Adhabu yasema wazi kwamba kutojua sheria si utetezi, na kauli ya ofisa haifuti sharti lililoandikwa.

Hatusemi masharti yalegezwe. Milima ya Uluguru ni chanzo kikubwa cha maji ya mto Ruvu, yanayonywewa Dar es Salaam. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Anayejenga humo anawadhuru wengi.

Hata hivyo, milima hiyo hiyo ina somo kwa viongozi. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha huko mpango wa matumizi ya ardhi. Wataalamu waliwahakikishia wakulima kwamba matuta ya ngazi yangeokoa udongo; asiyechimba alishtakiwa na kutozwa faini. Kumbe mahali pengi udongo wenye rutuba ulifukiwa, na mavuno yakapungua. Mwaka 1955 wananchi walikusanyika Matombo kupinga. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Faini hazikuuhifadhi mlima. Zilipoteza imani ya watu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, masharti ya kibali yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, na mwombaji aelezwe kabla ya kutia sahihi. Pili, ruhusa yoyote ya kuyabadili iandikwe, iwe na jina la ofisa na mhuri. Tatu, ikithibitika kuwa ofisa alimpotosha mwananchi, naye aitwe ajieleze, na mahakama izingatie hilo inapotoa adhabu.

Nasi wa Visiwani yatuhusu. Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliomo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, nao unalindwa kwa masharti ya ujenzi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ofisa aliye tayari kutoa ruhusa na awe tayari kuiandika. Asiyethubutu kuiandika, asiitamke.