Vipuri vya Gari la Zamani: Ijue Injini Kabla ya Kumwendea Mwuzaji



Injini ya gari la zamani inapoharibika, mwenye gari hukabiliwa na maswali mawili: vipuri vitapatikana wapi, na ushauri wa nani uaminiwe? Katika makala haya tunaeleza namna ya kununua vipuri hivyo bila kupoteza fedha, na namna sheria inavyomlinda mnunuzi aliyejieleza vizuri. Mfano wetu ni Land Rover Series III, gari lililotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985.

Jina la gari halitoshi

Injini ya petroli ya lita 2.25 ya gari hili ilitengenezwa kwa namna mbili. Hapo awali krenki yake ilishikiliwa na beringi kuu 3. Kuanzia mwaka 1980 zikawa 5. Kwa nje injini hizo hufanana sana, lakini krenki na bloku zake haziingiliani. Kwa hiyo, anayeomba tu "beringi za Land Rover" aweza kuuziwa vipuri vipya na vizima kabisa, ambavyo hata hivyo havimfai.

Aidha, gari la umri huo huenda limekwisha kubadilishiwa injini. Usitegemee kadi ya gari peke yake. Soma namba iliyogongwa kwenye bloku yenyewe.

Vipimo vitangulie ununuzi

Krenki iliyochakaa huchongwa upya, nayo hupungua unene. Beringi zake sharti ziwe nene zaidi kulingana na upungufu huo, kwa mfano 0.010 au 0.020 ya inchi. Vivyo hivyo, silinda zikipanuliwa huhitaji pistoni kubwa zaidi. Beringi zikilegea, nguvu ya oili hushuka na injini hugonga. Zikibana, injini hukwama. Makosa ya beringi za bei ndogo huweza kuiua krenki ambayo ni adimu.

Basi usinunue kabla fundi hajafungua injini na kupima. Mwombe akuandikie vipimo, kisha uvilinganishe na kitabu cha matengenezo cha mtengenezaji. Ikiwezekana, uliza pia fundi wa pili aliyewahi kuifungua injini ya aina hiyo. Mwuzaji ana manufaa katika mauzo; ushauri wake usiwe wa pekee.

Halisi, mbadala na bandia

Kipuri halisi hutoka kwa mtengenezaji wa gari. Kipuri mbadala hutengenezwa na kampuni nyingine na kuuzwa kwa jina la kampuni hiyo. Ni bidhaa halali, na kwa magari ya zamani mara nyingi ndicho kinachopatikana. Kipuri bandia hubeba alama ya mwingine bila idhini, jambo linalokatazwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Kipuri kilichotumika nacho ni halali, mradi mnunuzi aelezwe hivyo. Kipimwe kabla ya kulipiwa.

Kusudi lako liandikwe

Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi akimweleza mwuzaji wa bidhaa za aina hiyo kusudi la kununua, akadhihirisha kwamba anategemea ujuzi wake, bidhaa sharti ifae kwa kusudi hilo. Anayeagiza kwa jina la chapa pekee huenda akaikosa kinga hiyo.

Kwa hiyo, pamoja na risiti ya EFD, dai ankara inayoonyesha namba ya injini, jina la kipuri, kipimo chake, na kama ni kipya au kimetumika. Maneno ya kaunta ni vigumu kuyathibitisha baadaye; maandishi hubaki.

Kipuri kisipofaa

Usikubali kipigwe tupa ili kiingie. Kiache kama kilivyo, tunza kasha lake, na umrudishie mwuzaji mapema pamoja na ankara. Akikataa, wasilisha malalamiko kwa Tume ukiambatisha nakala za ankara, risiti na maelezo ya fundi. Nasi tutayapima malalamiko yako kwa ushahidi huo. Ndiyo maana tunasisitiza: maandalizi ya haki yako huanza siku ya kununua.