Pilau ya Ushindi Haipikwi Kabla ya Mechi

Muhula wa pili ndio msimu wa netiboli, voliboli na kandanda katika shule za upili hapa Kenya. Timu huanzia mashindano ya kaunti ndogo. Mshindi huenda kaunti, kisha kanda ya Pwani, kisha taifa. Mlango wa kwanza ndio mwembamba kuliko yote, kwa kuwa hapo jirani hukutana na jirani, na jirani ndiye ajuaye pa kukuchoma.

Katika shule moja ya kutwa ya wasichana, kusini mwa Mombasa, ambayo tumeombwa tusiitaje jina, timu ya netiboli inajiandaa kwa mechi ya Jumamosi ijayo. Watakabiliana na shule ya bweni iliyowafunga mwaka jana mbele ya wazazi wao. Shule hiyo ina uwanja wa saruji, ina basi lake, na ina mfungaji mrefu ambaye akiinua mikono huonekana kana kwamba anatia embe kikapuni. Hayo si makosa yao; ni neema waliyojaaliwa. Kosa ni maneno. Wiki mbili kabla ya mechi, ujumbe wa sauti ulianza kuzunguka katika simu za ndugu na majirani: kwamba pilau ya ushindi imeshaagizwa, kwamba wageni waje na leso za kufutia machozi, na kwamba wafunga mitandio watakuwa na kazi ya kushika mitandio yao, si mpira.

Neno hilo la mwisho ndilo lililofika mbali. Baba wa mlinzi wa goli, mvuvi mwenye watoto watano, alilisikia katika simu ya mwanawe mkubwa, naye akakata shauri papo hapo kwamba binti hatatoka. "Sikumlea mwanangu aende kutukanwa uwanjani," alisema. Ni nani atakayemlaumu? Wengi wetu tungesema vivyo hivyo, na kwa nia njema. Lakini tazama, ndugu msomaji, jinsi majivuno yanavyofanya kazi: mechi haijachezwa, na tayari timu imepungukiwa na mchezaji.

Mwalimu wao wa michezo hakuanza kwa kujibu maneno. Alifungua daftari aliloandika mwaka jana. Hakuwa ameandika mabao tu. Aliandika pia kila mahali mpira ulipopotea. Walipolisoma pamoja, wasichana waligundua jambo ambalo uchungu wa kushindwa uliwaficha. Yule mfungaji mrefu hakuwashinda kwa urefu wake. Mabao mengi yalitokana na mipira waliyoipoteza wenyewe katikati ya uwanja, kwa kurusha kwa pupa na kwa woga.

Netiboli ni mchezo unaomfaa mtu aliyedharauliwa. Wachezaji ni 7 kila upande, na kila mmoja ana sehemu yake ya uwanja asiyoruhusiwa kuivuka. Mpira haukimbiwi nao mkononi, wala haushikwi zaidi ya sekunde 3. Wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, na pete iko juu mita 3.05, bila ubao wa kuugongesha mpira. Kwa hiyo hata mfungaji hodari kuliko wote hawezi kuufuata mpira upande wa pili wa uwanja, sharti aletewe. Asipoletewa, urefu wake ni kama wa mnazi usio na nazi. Basi mazoezi yote ya mwezi huu yamekuwa ya kukata njia za katikati: kusoma macho ya mrushaji, kusimama sentimita 90 kama kanuni inavyotaka, na kuhesabu moja, mbili, tatu.

Uwanja wao ni wa mchanga, na pete waliyo nayo ni moja, iliyotengenezwa na fundi wa kuchomelea vyuma. Huanza baada ya swala ya alasiri na kumaliza kabla ya magharibi. Wasichana wenyewe huufagia uwanja kwa njukuti kabla ya kucheza, kwa sababu majani ya mwembe huteleza.

Ilibaki habari ya mlinzi. Mwalimu alikwenda nyumbani kwao, akifuatana na mwalimu wa madrasa anayemfundisha binti huyo tangu utotoni. Walipokwisha kusalimiana na kunywa kahawa, alisema, "Mzee wangu, sikuja kukuomba ruhusa. Nimekuja kukuomba uje utazame." Mzee alikwenda jioni mbili, akakaa juu ya shina la mwembe bila kusema neno. Aliona vazi la wanawe, akaona saa ya kumaliza, akaona jinsi wanavyosemeshana. Siku ya tatu alitoa ruhusa kwa masharti mawili: binti awe nyumbani kabla ya magharibi, na asimjibu mtu yeyote, neno lolote.

Sharti hilo la pili likawa la timu nzima. Tangu siku hiyo, wachezaji wa akiba husimama pembeni mwa uwanja na kupiga kelele za kejeli, hata zile za pilau na mitandio, huku wenzao wakicheza. Anayejibu, au hata kugeuza kichwa, hutoka na kumpisha wa akiba. Siku ya kwanza walitoka wanne. Siku ya tano hakutoka mtu. Anayeudhani unyamaza huo kuwa unyonge na ajaribu kuufanya mwenyewe kwa dakika 15, ambazo ni robo moja tu ya mechi.

Hata hivyo, hatari kubwa haikuwa matusi ya wale. Ilikuwa wimbo. Mashabiki wa shule hii ndogo walitunga wimbo wao wa kuwakejeli wapinzani, mtamu kweli, wa kumsimanga yule mfungaji kwa urefu wake. Mwalimu aliusikiliza mpaka mwisho, kisha akawakumbusha kisa cha ngamia.

Kisa hicho amekisimulia Anas bin Malik, nacho kimo katika Sahihi ya Bukhari. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike aliyeitwa Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa katika mbio. Siku moja akaja bedui juu ya ngamia wake mchanga, akampita. Jambo hilo liliwaumiza Waislamu, na Mtume akawaeleza kwamba ni haki ya Mwenyezi Mungu kwamba hakuna kitu kinachoinuka duniani ila hukishusha. Sisi Waswahili tunasema mpanda ngazi hushuka.

Tuzingatie ni nani walioambiwa maneno yale. Hakuambiwa bedui, aliyekuwa mgeni na mdogo. Waliambiwa wenye ngamia aliyezoea kushinda. Somo la kisa hiki si fimbo ya mnyonge kumpigia mwenye nguvu. Ni la kila aliye juu, na huhama pamoja na ushindi. Wasichana wetu wakishinda Jumamosi, litawahusu wao jioni ileile. Na katika Sura Al-Hujurat, aya ya 11, katazo la kudharauliana limewataja wanawake peke yao, baada ya kuwataja watu kwa jumla. Basi wimbo ukabadilishwa. Sasa unawataja wachezaji wao wenyewe, mmoja mmoja, na haumtaji mtu mwingine.

Kwa wazazi ambao bado wanajiuliza kama mtandio na mpira vinakaa pamoja, mambo yamebadilika sana katika miaka ya karibuni. Sheria za kandanda ya dunia ziliruhusu rasmi kufunika kichwa mwaka 2014, na zile za mpira wa kikapu mwaka 2017. Katika Kombe la Dunia la Wanawake la mwaka 2023, Morocco ilianza kwa kufungwa na Ujerumani mabao 6 kwa bila. Siku sita baadaye, Nouhaila Benzina aliingia uwanjani na hijabu yake, mchezaji wa kwanza kuivaa katika Kombe hilo la wakubwa, na Morocco ikaifunga Korea Kusini bao 1 kwa bila. Kisha ikaifunga Colombia vivyo hivyo. Makundi yalipofungwa, Morocco ilisonga mbele, na Ujerumani ikafunga safari ya kurudi nyumbani. Mabao 6 hayakuwa hukumu. Yalikuwa mechi moja.

Akina mama, nyumbani ndiko nusu ya maandalizi inakofanyika. Mtandio wa michezo na uwe mfupi, wa kitambaa chepesi kinachokaza kichwa, bila pini, kwani pini humdhuru mvaaji na mpinzani wake pia. Kucha zikatwe na vito vivuliwe; ndivyo kanuni za netiboli zinavyotaka. Usiku wa kuamkia mechi, simu ikae chumbani kwa mama, maana ujumbe mmoja wa sauti waweza kumnyima binti usingizi ambao wiki nzima ya mazoezi haitaurudisha. Asubuhi ale chakula alichokizoea, si kipya, na abebe maji yake ya kutosha.

Na pembeni mwa uwanja, tuwaimbie wanetu, tusiwazomee wana wa wenzetu. Binti hujifunza ulimi wa uwanjani kwa kumsikiliza mama yake kabla ya kumsikiliza mwalimu. Yule msichana mrefu naye ana mama, na huenda mama huyo hajui lolote kuhusu pilau iliyoagizwa. Tumpe salamu tukifika, na tumpe tena tukiondoka, vyovyote matokeo yatakavyokuwa.

Hatujui nani atashinda Jumamosi. Wale wangali wazuri, na mfungaji wao hajafupika. Tunalolijua ni kwamba wasichana saba watakaoingia kwa upande wa shule hii ndogo wanazijua kazi zao, na kwamba mlinzi wa goli atakuwa mahali pake. Akina mama wamekubaliana kuwapikia pilau jioni hiyo, baada ya kipenga cha mwisho, washinde wasishinde. Baba wa mlinzi amesema samaki ni juu yake.