Uchumi Unaohesabiwa Kuwa Sayansi

Nchini Marekani, shahada ya uchumi yenye ekonometriki, yaani upimaji wa uchumi kwa takwimu, huweza kuwekwa katika kundi la sayansi na teknolojia, na hapo mhitimu wa kigeni huweza kuomba miezi 24 ya kazi juu ya ile 12 ya kawaida, jambo ambalo si dogo kwa mzazi wa Kasese, magharibi mwa Uganda, anayelipa ada.

Hata hivyo, faida kubwa zaidi pengine iko nyumbani, kwa kuwa Ebola ilipovuka mpaka na kufika Bwera, wilayani Kasese, mwezi Juni 2019, kupitia familia iliyotoka mazikoni Kongo, kazi ya kuuzuia ugonjwa huo ilidai ujuzi wa takwimu wa aina hiyo ili kuwaorodhesha na kuwafuatilia waliokutana na wagonjwa, na papo hapo kuelewa desturi za maziko za koo zinazoishi pande zote mbili za mpaka wa Mpondwe.