Joto la dunia litatumaliza wote?

Wadau, jamaa kaniuliza hapa kafe: eti joto likizidi binadamu tutaisha wote? Wanasayansi wengi hawasemi hivyo. Dunia imepanda digrii 1 na ushee tu, ila hiyo "tu" mfugaji anaijua: ukame ukikaza ng'ombe wanakufa, kijana anakimbilia machimbo Geita. Shinyanga tulionja mapema. Miti ilifyekwa kuua mbung'o na kulima pamba, mkoa ukaitwa jangwa. Mwaka 1986 ukaja mradi wa HASHI, wazee wakafufua ngitili, yaani malisho yanayofungwa masika hadi kiangazi kikali. Toka hekta 600 hivi, zikavuka 300,000. Miti ikarudi bwana! Sasa mdau wa Geita, matimba ya kuegemeza mashimo mnakata wapi?